Amani ya Soko la Nyangwe

Msichana akiomba ruhusa kwenda uwanjani kucheza mpira, wazazi wengine wa Kasongo na Kabambare humkataza wakisema: "Ndiyo desturi ya wazee, mwanamke akae nyumbani." Tuichungue desturi hiyo, maana historia ya Maniema yasema vingine.

Zamani wanawake walikutana sokoni. Soko la Nyangwe, kando ya mto Lualaba, lilisifiwa sana. David Livingstone, aliyekuwa amelala Kabambare miezi mingi kwa vidonda vya miguu, alifika huko Machi 1871. Aliwaona wanawake wakija kwa mamia na mamia, na vyungu, samaki, chumvi, kuku na mafuta ya mawese, wakibishana bei na kucheka. Akaandika pia jambo la ajabu: hata nchi mbili zikiwa vitani, wanawake walipita toka soko hili mpaka lile, wala hakuna aliyethubutu kuwanyang'anya mali yao. Basi hiyo ndiyo desturi ya wazee! Hawakumfungia mwanamke, bali walimfungia mwanamume mkono wake.

Tarehe 15 Julai 1871 watu watatu waliingia sokoni na bunduki. Walikuwa wafuasi wa wafanyabiashara waliotoka pwani. Mmoja akagombania kuku, na mara risasi zikalia. Wenzao waliokuwa karibu na mitumbwi wakawapiga waliokimbilia mtoni. Wanawake wakajitupa majini, mitumbwi ikajaa kupita kiasi, wengi wakazama. Waarabu wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alitaka kuwapiga wauaji kwa bastola yake, lakini Dugumbe, mkubwa mmoja wa wafanyabiashara, alimkataza asijiingize katika kisasi cha damu. Habari hiyo ilipofika Uingereza iliwaudhi watu, ikazidisha nguvu ya wale waliomshurutisha Sultani Barghash kufunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873.

Wako watakaosema: mbona wanawake hao hawakubaki kwao? Neno hilo twalisikia hata leo, msichana akidhulumiwa njiani akitoka mchezoni. Huulizwa alivaa nini. Lakini wanawake wa Nyangwe walikuwa wameuendea mkutano ule miaka mingi kwa usalama. Kilichobadilika ni kwamba wenye silaha waliingia mahali pa amani, nao hawakumwogopa mzee yeyote wa nchi.

Na uwanjani ni hivyo hivyo. Mwalimu wa mchezo ana nguvu kama ya bunduki: ndiye achaguaye wachezaji, ndiye asafiriye nao. Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006 yamhesabu kuwa mtoto kila asiyetimiza miaka 18, tena yaongeza adhabu kwa mkosaji aliye na mamlaka juu ya aliyedhulumiwa, awe mwalimu, awe mtumishi wa serikali, awe mtumishi wa dini. Sisi makatekista hatukuachwa nje, na ni haki.

Kwa hiyo, kabla ya kumkataza binti, wazazi na waulize: nani amchagua mwalimu, na nani aweza kumwondoa? Yuko mama mzima anayesafiri na timu? Mchezo utakwisha kabla ya giza? Binti akiwa na neno la kusema, atamwambia nani asiyekuwa chini ya mwalimu huyo?