Kwa nini turnevisi ya musalaba inafungua redio yako

Pindua redio ndogo ya mkononi. Mara nyingi nyuma utakuta visi zenye kichwa cha musalaba. Umbo hilo si lenye nguvu kuliko yote. Lilienea kwa sababu mwenye nalo alikubali wengine walitengeneze.

Zamani, kule Ulaya na Marekani, visi nyingi zilikuwa na mfuo mmoja tu kichwani. Hata ncha ya kisu iliweza kuzifungua. Lakini turnevisi iliteleza, ikakwaruza mbao na kuumiza mikono ya mafundi.

Mwaka wa 1908, Peter Robertson wa Canada alibuni visi yenye tundu la pembe nne. Turnevisi yake inaingia na kushika imara. Kampuni ya Ford ya Canada ilizitumia kwa motokari za Model T, na kazi ikaenda mbio. Henry Ford akataka ruhusa ya kuzitengeneza mwenyewe. Robertson alikuwa amekwisha kupata hasara Uingereza kwa kuwapa wengine ruhusa hiyo, basi akakataa. Visi yake ikabaki zaidi inchini Canada.

Henry Phillips, mfanyabiashara wa Portland, Marekani, alifuata njia nyingine. Alinunua wazo la visi ya musalaba kwa John Thompson, akaliboresha, na mwaka wa 1936 akapata hati za uvumbuzi. Kisha akauza ruhusa kwa viwanda vingi. General Motors ilizitumia kwa motokari za Cadillac. Ncha ya turnevisi hii inajipeleka yenyewe katikati ya kichwa, jambo linalorahisisha kazi ya mashine. Ni kweli, ukikaza sana inateleza. Hata hivyo ilienea duniani, hadi kwenye meza za mafundi wetu wa Goma na Bukavu.

Leo kuna visi nyingine ambazo turnevisi hiyo haiwezi kufungua. Simu za iPhone, kwa mfano, zimefungwa chini kwa visi zenye umbo la nyota ya ncha tano.

Kwa familia iliyokimbia na redio moja tu, jambo hili si dogo. Chombo kinachofunguka kinaweza kutengenezwa. Kisichofunguka kinaweza kutupwa kwa sababu ya waya mmoja uliokatika. Basi, kabla ya kununua redio au taa ya jua, igeuze kwanza, uangalie visi zake.