Mgeni Mezani: Historia ya Chakula cha Nyumbani nchini Italia

Wageni wengi wanaozuru Italia siku hizi hawatosheki na kutazama magofu ya Roma na makanisa ya Florence. Wanataka kulala katika nyumba ya mkulima, kwenda sokoni na mwenye nyumba, kukanda unga wa tambi mezani kwake na kula alichokipika kwa mikono yake. Mara nyingi huambiwa kwamba wanakula chakula cha kale, kilichopokewa kutoka kwa mababu bila kubadilika. Makala hii inapinga dai hilo. Meza ya nyumbani ya Italia ni changa kuliko inavyosimuliwa, na sehemu kubwa ya historia yake ni historia ya njaa. Mgeni anayetaka kuijua nchi ile kupitia chakula hana budi kuuliza nani alikuwa akila chakula hicho, na nani hakukipata.

Tuanze na mgeni mmoja aliyeuliza. Mwezi Septemba 1786 mwandishi wa Kijerumani Johann Wolfgang von Goethe alivuka milima ya Alpi kwa njia ya Brenner akielekea kusini. Hamu yake ilikuwa kuona sanaa ya kale, lakini alipoteremka kuelekea Trento macho yake yalivutwa na nyuso za wanawake na watoto, ambazo aliziona zimepauka na zina dalili za maradhi. Katika kumbukumbu za safari yake aliandika kwamba alidhani chanzo ni chakula. Watu wale walikula polenta, yaani ugali, mara kwa mara mno. Aliona pia kwamba Wajerumani wa upande wa pili wa milima waliukatakata ugali wao na kuukaanga kwa siagi, hali wale wa upande wa Italia waliula mtupu, pengine na jibini kidogo juu yake, na nyama hawakuionja mwaka mzima. Goethe hakuwa daktari, na maelezo aliyoyatoa kuhusu jinsi chakula kile kilivyoudhuru mwili hayakuwa sahihi. Lakini alikuwa ametazama mahali panapohusika, yaani ndani ya sufuria.

Sisi tunaotoka Uganda, ambako ugali huitwa posho na mwanafunzi huuzoea tangu shule ya msingi, tunaweza kushangaa kusikia mahindi yakilaumiwa. Mahindi yalitoka Amerika baada ya safari za Columbus, yakafika kwao na yakafika kwetu. Waitalia waliyaita granturco, yaani nafaka ya Kituruki. Waswahili waliyapa jina linaloelekeza Uhindi. Kila upande ulidhani yametoka kwa mgeni wa mbali uliyemfahamu. Kilichopotea njiani ni namna ya kuyapika. Wenyeji wa Mexico waliyachemsha mahindi kwa maji ya chokaa au majivu, na kwa njia hiyo vitamini iliyofungika ndani ya punje iliweza kutumika mwilini. Mbegu ilifika Ulaya bila maarifa hayo.

Kwa mtu anayekula mahindi pamoja na maharage, maziwa au samaki, hilo si tatizo kubwa. Kwa kibarua wa Veneto au Lombardia ambaye polenta ilikuwa karibu chakula chake chote, lilikuwa janga. Ngozi ilichubuka, tumbo likaharisha, kisha akili ikavurugika, na wengi waliishia katika hospitali za wagonjwa wa akili. Mwaka 1771 daktari wa Milano, Francesco Frapolli, aliuandika ugonjwa huo kwa jina walilolitumia wakulima wenyewe, pelagra, yaani ngozi iliyokwaruza. Karne moja baadaye, mwaka 1881, serikali ilihesabu wagonjwa zaidi ya 100,000. Vitamini yenye kuuponya, niasini, ilitambuliwa mwaka 1937.

Nchi hiyo haikuwa imekosa chakula. Ngano, divai na hariri vilitoka katika mashamba yale yale, ila vilikwenda kwa wenye ardhi na wafanyabiashara. Uchunguzi mkubwa wa hali ya kilimo ulioongozwa na Stefano Jacini, kati ya 1877 na 1884, uliuweka wazi umaskini huo mbele ya bunge. Wakulima wengi hawakungoja matokeo. Kati ya 1876 na 1915 Waitalia wapatao milioni 14 waliondoka nchini, na Veneto ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyotoa wahamiaji wengi. Polenta inayopakuliwa leo kwa mgeni, ikiwa na uyoga na jibini ya gharama, ni chakula ambacho watu hao walikikimbia.

Kitabu kinachotajwa sana kuwa msingi wa mapishi ya nyumbani ya Italia kilitoka katika miaka hiyo hiyo ya pelagra. Mwaka 1891 Pellegrino Artusi, mfanyabiashara mstaafu mzaliwa wa Forlimpopoli aliyeishi Florence, alichapisha kwa gharama zake mwenyewe La scienza in cucina e l'arte di mangiar bene, chenye mapishi 475. Italia kama dola moja ilikuwa na umri wa miaka 30 tu. Raia wengi walizungumza lugha za mikoa yao, na mtu wa Bologna hakuwa na sababu ya kujua jirani wa Napoli anapika nini. Wasomaji, wengi wao wanawake, walianza kumwandikia Artusi barua na kumpelekea mapishi ya nyumbani kwao. Alipofariki mwaka 1911 kitabu kilikuwa kimefikia mapishi 790. Ninaona si kutia chumvi kusema kwamba chakula cha taifa la Italia kilikusanywa kwa posta, tena na watu wa tabaka la kati, waliokuwa na nyama ya kupika na stempu ya kununua. Jikoni kwenyewe walikuwapo watumishi wawili, Marietta Sabatini na Francesco Ruffilli, waliopika na kujaribu mapishi hayo. Artusi aliwarithisha haki za kitabu, jambo ambalo mabwana wachache wa wakati ule wangelifanya, ingawa jina la jaladani limebaki lake peke yake.

Artusi naye alikuwa msafiri wa kula. Anasimulia jinsi alivyokula supu ya mboga, minestrone, mjini Livorno mwaka 1855, akashikwa na tumbo usiku kucha na kuilaani supu ile. Alipofika Florence akapata habari kwamba Livorno kumeingia kipindupindu, na kwamba mwenye nyumba aliyolala ndiye aliyetangulia kufa.

Mgeni wa leo anayefikia shambani Toscana, Umbria au Emilia-Romagna huwa anaingia katika nyumba ya mfumo mwingine, mezzadria, ambao ulidumu kwa karne nyingi. Mwenye ardhi alitoa shamba na nyumba, familia ya mkulima ikatoa kazi, na mavuno yakagawanywa nusu kwa nusu. Familia ilipaswa kuwa kubwa ili kazi iwezekane. Ndugu, wake zao na watoto walikaa chini ya paa moja, na mama mkuu wa nyumba, massaia, alisimamia kuku, ghala na chungu. Mkate haukuokwa kila siku, kwa hiyo mapishi mengi yanayosifiwa sana Toscana yamejengwa juu ya mkate mkavu. Jina la ribollita lina maana ya iliyochemshwa tena. Ni maharage, kabichi na mkate wa siku zilizopita, hesabu ya mwanamke mwenye vinywa vingi na unga wa kupimwa.

Familia moja ya wakulima wa namna hiyo imeingia katika historia kwa sababu ya mezani kwake. Ndugu saba wa ukoo wa Cervi, katika mkoa wa Reggio Emilia, walikuwa wametoka katika ukulima wa nusu kwa nusu na kuwa wapangaji wa shamba. Mussolini alipoangushwa tarehe 25 Julai 1943, walipika tambi kwa siagi na jibini, wakaipeleka katika uwanja wa Campegine na kuwalisha watu wote waliokuwapo. Miezi miwili haijaisha, Italia ilisimamisha vita, Wajerumani wakaikalia, na maelfu ya wafungwa wa kigeni waliotoroka kambini wakawa wanazunguka mashambani. Wakulima wengi waliwafungulia milango, ingawa adhabu ya kufanya hivyo ilikuwa kifo. Akina Cervi walikuwa miongoni mwao. Nyumba yao ilizingirwa mwezi Novemba, na tarehe 28 Desemba ndugu wote saba walipigwa risasi. Mama yao, Genoeffa Cocconi, alifariki mwaka uliofuata. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho, na kila Julai tambi ya siagi na jibini hupikwa tena. Kama msafiri ana siku moja tu ya kula chakula cha nyumbani nchini Italia, mimi ningemshauri hiyo.

Baada ya vita vijana waliukataa mfumo wa nusu kwa nusu, wakaenda viwandani. Sheria ya 1964 ilipiga marufuku mikataba mipya ya mezzadria, na nyumba nyingi za mashamba zikabaki tupu. Ndipo ikaja sheria ya 1985 iliyotambua agriturismo, yaani ruhusa kwa mkulima kulaza na kulisha wageni, kwa sharti kwamba kilimo kibaki kazi yake kuu. Meza anayokalia mgeni shambani, basi, ina umri wa sheria hiyo. Hilo haliifanyi kuwa ya uongo. Limewaokoa wakulima wengi wasiuze ardhi.

Kusini serikali ilihamisha wakazi wenyewe. Mjini Matera maelfu ya watu waliishi katika mapango ya Sassi pamoja na nyumbu na kuku wao. Mkate uliokwa katika matanuri ya pamoja, na ili mikate isichanganyike kila familia iligonga juu ya donge muhuri wake wa mbao wenye herufi za jina lake. Mwaka 1945 Carlo Levi aliieleza hali ya Matera katika kitabu kuhusu miaka aliyofungiwa kusini na mafashisti, na aibu ikaufikia utawala. Sheria ya 1952 iliamuru mapango yaondolewe watu, na wakazi wapatao 15,000 wakahamishiwa mitaa mipya. Mwaka 1993 UNESCO iliyaingiza Sassi katika urithi wa dunia. Baadhi ya mapango sasa ni hoteli, na mgeni anayelala humo anaweza kununua muhuri wa mkate dukani.