Koo, Umio na Kirusi Kilichosingiziwa

Kiswahili chetu kina neno moja linalobebeshwa mzigo mkubwa: koo. Tezi zikivimba, ni koo. Sauti ikikauka, ni koo. Chakula kikikwama kifuani, bado twasema koo. Shella, mtaa wa kale wa Malindi wenye Msikiti wa Ijumaa na makaburi ya mnara, mtu akifa baada ya miezi ya kushindwa kumeza, matangani huambizana kwa sauti ya chini: "Ni kansa ya koo." Zamani maneno yaliishia hapo. Siku hizi simu zimeleta habari za Marekani na Ulaya, ati kansa ya koo huletwa na HPV, kirusi cha papiloma, na kirusi chenyewe hupitia kwenye ngono. Basi marehemu aanza kusengenywa hata arubaini haijafika, na mjane aliye edani abaki na maswali asiyokuwa na wa kumuuliza.

Je, habari hiyo ni ya kweli? Kuijibu yataka turudi nyuma, hadi Kampala.

Mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, aliona katika Hospitali ya Mulago watoto waliovimba mataya kwa uvimbe usiokuwa na jina. Mwaka uliofuata aliandika kuuhusu. Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu la Ford wakashika njia hadi Afrika Kusini na kurudi, safari ya kama kilomita 16,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali: ugonjwa huu mnao? Ramani waliyoichora ilionyesha kwamba uvimbe ule hupenda nchi za chini zenye joto na mvua, kule kwenye malaria. Mwaka 1964, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, wakiwa London, walitangaza kwamba wameona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo.

Ushindi huo uliwafundisha watu somo moja: saratani ikiwa na makao yake kwenye ramani, tafuta kirusi.

Na saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ilikuwa na makao hasa. Mwaka 1969 zilichapishwa takwimu za magharibi ya Kenya, na mwaka 1971 mtafiti Paula Cook akauchora ugonjwa huo kwa Afrika nzima. Ulikuwa mzito magharibi ya Kenya, Malawi, hadi Transkei kule Afrika Kusini, na mahali pengine karibu haukujulikana. Mwaka 2002 madaktari wa Hospitali ya Tenwek, Bomet, waliripoti jambo la kutisha zaidi: baadhi ya wagonjwa wao hawajafika hata miaka 30.

Shaka juu ya HPV iliingia mwaka 1982. Kari Syrjänen wa Finland alitazama saratani za umio kwa hadubini akaona chembe zilizobadilika mfano wa zile za chunjua, na chunjua huletwa na kirusi cha papiloma. Mwaka uliofuata, kule Ujerumani, kundi la Harald zur Hausen likatangaza kupata HPV aina ya 16 ndani ya saratani ya mlango wa kizazi, kisha aina ya 18 mwaka 1984. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Tena ipo saratani ya umio ya nadra sana, iliyoelezwa mwaka 1967, ambayo hukua polepole kama chunjua kubwa, na katika baadhi ya wagonjwa hao wachache kirusi kimeonekana. Kwa hivyo dhana haikuwa ya kipuuzi.

Lakini dhana yataka kupimwa. Watafiti walichukua vipande 28 vya saratani ya umio vilivyohifadhiwa katika hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, wakavipima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: hakuna hata kimoja kilichokutwa na HPV. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, likasema ushahidi wa kukilaumu kirusi hicho kwa saratani ya umio hautoshi.

Kilichoonekana ni vitu vya jikoni na barazani. Mwaka 2016 IARC iliviweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 katika orodha ya vitu vinavyoelekea kuleta saratani. Utafiti wa magharibi ya Kenya uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta wanaokunywa chai ya moto sana wako katika hatari zaidi ya mara tatu kuliko wanaoinywa vuguvugu. Pombe na tumbaku nazo zimo.

Sasa, ile habari ya simu ilitoka wapi? Haikuwa uongo. HPV kweli huleta saratani ya koromeo, yaani sehemu za tezi na shina la ulimi, na huko Marekani na Ulaya imeongezeka sana. Habari ilivuka bahari ikiwa ya koromeo, ikafika kwetu ikavishwa neno "koo", na umio ukatiwa humo humo.

Hebu tusikimbilie upande wa pili tukasema chanjo ya HPV haina kazi. Saratani ya mlango wa kizazi ni kirusi hiki hiki, na inawaua mama zetu na dada zetu. Chanjo ya wasichana wa miaka kumi ilizinduliwa kitaifa Oktoba 2019, hapo Mombasa. Mwaka 2022, utafiti wa KEN SHE uliofanywa Thika, Nairobi na Kisumu ulionyesha kwamba hata dozi moja yakinga vizuri sana. Wala kirusi chenyewe si ushahidi wa zinaa: wengi wa walioingia kwenye ndoa hukipata wakati fulani maishani, kwa kawaida mwili hukiondoa wenyewe, na kinaweza kulala kimya miaka mingi. Hakimwambii mtu nani alikileta wala lini.

Kwa hivyo msomaji, ukimwona mzee aacha ugali, kisha wali, kisha abaki na uji, usingoje hadi maji nayo yakwame. Mpeleke hospitali apimwe kwa kamera ya umio. Hapo barazani, chai ipoe kidogo. Na akiondoka mtu kwa maradhi haya, semeni alikuwa na saratani ya umio, kwa jina lake, ili mjane akae eda yake kwa amani.