Nguzo za Kalokol na Mlango wa Maktaba

Agosti 1984, Kamoya Kimeu, mtafutaji wa visukuku, aliokota kipande kidogo cha fuvu katikati ya changarawe nyeusi, kando ya mto mkavu wa Nariokotome. Uchimbaji uliofuata ulitoa mifupa 108 ya mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Mifupa yenyewe imehifadhiwa Nairobi. Nariokotome imebakiwa na mnara wa kumbukumbu. Kwa sifa aliyoiletea Turkana, mvulana huyu ndiye wa kwanza kukumbukwa panapotakiwa sanamu ya kusimama mbele ya maktaba ya jamii, iwe Lodwar, Kakuma au Nariokotome kwenyewe. Heshima hiyo anaistahili. Hata hivyo, yeye ni urithi uliofukuliwa ardhini, wala si kazi ya mikono ya watu. Sanaa ya umma ya Turkana ni jambo jingine, na imesimama kwa maelfu ya miaka.

Ukiishika barabara ya kutoka Lodwar kwenda Kalokol utazikuta nguzo 19 za mawe meusi ya volkeno, nyingine zimeinama. Waturkana hupaita Namoratunga, na husimulia kwamba ni watu waliogeuka mawe wakiwa katikati ya ngoma. Mwaka 1978 watafiti wawili walidai kuwa nguzo hizo zilipangwa kufuata nyota. Wengine wakapinga, na ubishi ukadumu. Kwangu mimi lenye uzito zaidi liko juu ya nguzo zenyewe: vijiwe vidogo ambavyo wapita njia wameviweka kimoja baada ya kingine. Huko Lothagam, pia Turkana, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha jinsi nguzo za aina hii zilivyoanza. Yapata miaka 5,000 iliyopita, mvua zilipopungua na Ziwa Turkana kurudi nyuma, wafugaji wa kwanza walijenga jukwaa lenye kipenyo cha mita 30 hivi, wakazika humo watu wasiopungua 580, kisha wakasimamisha nguzo, nyingine zikiwa zimebebwa hadi kilomita moja. Wanaume, wanawake na watoto walizikwa pamoja na mapambo yao, wala halikuonekana kaburi la mtawala. Kazi kubwa kiasi hicho ilifanywa na watu wasio na mfalme wa kuwaamuru.

Sasa linganisha na Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, yenye simba wawili mlangoni. Simba hao ni wazuri, lakini waliwekwa kwenye jengo la kumbukumbu ya mlowezi tajiri, na kwa miongo kadhaa Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Alama ya mlangoni humweleza mgeni nyumba ni ya nani kabla hajafungua kitabu.

Watakuwapo wa kusema kwamba nguzo si za Waturkana, kwa kuwa wao walifika ng'ambo hii ya ziwa karne chache tu zilizopita. Ni kweli, na hiyo ndiyo hoja yangu. Walizikuta, wakazipa jina, hadithi na desturi ya kijiwe; wakawa warithi kwa kuzitunza. Mfano huo unaifaa Kakuma, ambako tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992 wenyeji wanaishi jirani na watu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo na kwingineko. Wengine watasema haya ni makaburi, hayaigwi. Nami sitaki jiwe hata moja liondolewe pale. La kuiga ni ile namna ya watu wengi kuchangia kazi moja. Pingamizi ninaloliona zito kuliko yote ni kwamba vitabu vije kwanza. Na vije kwanza, kwa sababu sanaa hii haitanyang'anya rafu shilingi zake: mawe yamejaa Turkana nzima.

Kwa hiyo, kabla ya kuagiza sanamu kutoka mbali, wanaopanga maktaba hizi na wawaite wazee, wanafunzi na majirani wa kambini, kila mmoja aje na jiwe kutoka pale anapoishi, na waachiwe wao waamue litasimama wapi.