Maktaba za Ushirika na Elimu Iliyotoka Ufipa

Elimu ya ufundi haikuanzia vitabuni. Katika nyanda za juu za Ufipa wahunzi walijenga matanuri marefu ya udongo, yaitwayo malungu, yaliyovuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini. Kisha chuma kilisafishwa katika tanuri dogo lenye mivukuto. Kazi hiyo ilififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, vyuma vya kigeni vilipoenea. Mwaka 1958 R. Wise aliieleza katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Hivyo ujuzi wa wazee wa Ufipa ulihifadhiwa kwa Kiingereza, katika jarida lililochapwa Dar es Salaam, mbali na Sumbawanga.

Umbali huo kati ya kitabu na msomaji ndio uliowashughulisha waasisi wa maktaba zetu. Mwaka 1960 S. W. Hockey alitoa taarifa yake juu ya maendeleo ya maktaba katika Afrika Mashariki. Sheria ya kuunda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanganyika ilipitishwa mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Twauhesabu mwaka 1967 kuwa mwaka wa kukua, wala si kwa sababu ya jengo tu. Tangu hapo kituo kimoja kiliweza kununua vitabu, kuviorodhesha na kuvigawa, hata tawi la mkoani likanufaika na kazi ambayo peke yake lisingeiweza.

Msingi huohuo unaonekana leo katika COTUL, ushirika wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti nchini. Wanachama hukubaliana na wachapishaji kwa pamoja, wakapata majarida ya kielektroniki ya sayansi na ufundi ambayo gharama yake ingemshinda mmoja.

Hata hivyo, mlango huo hufunguliwa kwa uanachama. Mwalimu au mchungaji wa kijijini Rukwa, asiye na chuo, hubaki nje. Basi sisi tulio vyuoni hatuna budi kuuliza: yaliyoandikwa juu ya Ufipa, yamerudi Ufipa? Ushirika wa maktaba hauhesabiwi kwa wingi wa wanachama pekee. Haifai aliyetoa elimu awe wa mwisho kuisoma.