Mwaka wa Kukaa Nje: Historia ya Usajili wa Kikapu Vyuoni Marekani

Usiku wa Aprili 7, 2025, mjini San Antonio, Texas, timu ya Chuo Kikuu cha Florida iliifunga Houston pointi 65 kwa 63 na kutwaa ubingwa wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani. Kati ya vijana watano wa Florida walioanza mchezo ule, ni mmoja tu, Alex Condon wa Australia, aliyeanzia chuo hapo. Walter Clayton Jr. alitokea Iona, Will Richard alitokea Belmont, Alijah Martin alitokea Florida Atlantic, na Mnigeria Rueben Chinyelu alitokea Washington State. Kocha Todd Golden aliwapokea wakiwa wameshanolewa na makocha wengine.

Msomaji aliyezoea dirisha la usajili la Simba na Yanga hatashangaa sana: timu ikikosa beki, inasajili beki. Lakini kikapu cha vyuo Marekani kilijengwa juu ya msingi mwingine. Mchezaji alihesabiwa kuwa mwanafunzi, malipo yake yalikuwa ada, chumba na chakula, na akihamia chuo kingine alikaa nje msimu mzima bila kugusa mpira kwenye mechi rasmi. Mwaka huo wa kukaa nje ndio ulioamua, kwa miongo mingi, vikosi viundwe vipi na nani awe na sauti. Katika historia hii mimi niko upande wa wachezaji, na msomaji ajue hivyo tangu mwanzo.

Zamani kocha alipata kikosi kwa kumfuata kijana nyumbani kwao, kuketi sebuleni na wazazi wake na kuwapa ahadi. Mwaka 1955 vyuo vingi vilimgombania Wilt Chamberlain, kijana mrefu wa Philadelphia. Aliyemnasa alikuwa Phog Allen wa Kansas, kocha aliyewahi kuwa mwanafunzi wa James Naismith, mwasisi wa mchezo wenyewe. Allen hakuyala matunda ya kazi yake. Kanuni za wakati huo zilimzuia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuchezea timu kuu, na kabla Chamberlain hajaingia mwaka wa pili, Allen alifikisha umri wa miaka 70 akastaafishwa kwa lazima. Kansas ilifika fainali ya 1957 chini ya kocha mwingine, ikakutana na North Carolina ya Frank McGuire.

McGuire alikuwa mtoto wa New York aliyehamia kusini. Alipotaka wachezaji alirudi kwao, kwa watu aliojuana nao, akawachota vijana wa jiji lile na kuwapeleka Chapel Hill, mji wa chuo chake. Wachezaji wake wote watano wa kuanza walitoka eneo la New York. Fainali ile iliongezwa muda mara tatu, North Carolina ikashinda 54 kwa 53, na ikamaliza msimu wa michezo 32 bila kufungwa hata mmoja. Tangu hapo hakuna kocha mwenye akili aliyedhani kwamba usajili unaishia kwenye mipaka ya jimbo lake.

Hata hivyo, njia ile ya McGuire ilikuwa ya vijana weupe. Vyuo vikubwa vingi vya Kusini havikuwa vikiwasajili weusi, na pengo hilo liliachwa wazi kwa yeyote aliyekuwa tayari kuliziba. Don Haskins, kocha wa Texas Western, chuo kisicho na jina kubwa mjini El Paso kwenye mpaka wa Mexico, alikuwa tayari. Aliwatoa vijana New York, Detroit, Houston na Gary huko Indiana. Mchezeshaji wake mkuu, Bobby Joe Hill, alipitia kwanza chuo cha miaka miwili huko Iowa, njia ambayo kocha yeyote angeweza kuitumia bila mchezaji kuadhibiwa. Machi 19, 1966, Haskins alianza fainali na weusi watano, na wachezaji saba aliowatumia mechi nzima wote walikuwa weusi. Waliifunga Kentucky ya Adolph Rupp, iliyokuwa na wachezaji weupe watupu, pointi 72 kwa 65. Ushindi huo husimuliwa kama habari ya ujasiri, na kweli ulikuwa ujasiri. Lakini ulikuwa pia ushindi wa usajili: mtu mmoja aliangalia vipaji ambavyo wenzake walijinyima kwa ubaguzi wao, akavichukua. Kentucky ilimsajili mchezaji wake wa kwanza mweusi, Tom Payne, mwaka 1969.

Kadiri fedha za televisheni zilivyoongezeka, ndivyo vyuo vilivyozidi kumfunga kijana mahali pamoja. Mwaka 1964 ilianzishwa barua ya ahadi. Mchezaji akishaisaini, vyuo vingine vilipaswa kumwacha, na akigeuka alipoteza muda wa kucheza. Mwaka 1973 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ikaachana na ufadhili wa miaka minne na kuufanya wa mwaka mmoja mmoja. Hapo ndipo uonevu ulipokamilika. Kocha asiyeridhika na mchezaji angeweza kutouendeleza ufadhili wake mwisho wa mwaka, na kijana akahesabiwa ameondoka tu kama wengine. Kijana asiyeridhika na kocha alipaswa kuomba ruhusa hata ya kuzungumza na chuo kingine, angeweza kutajiwa vyuo ambavyo haruhusiwi kwenda, na alikotua alikaa nje mwaka mzima. Kocha mwenyewe alipopata ofa nono alihama Aprili, na Novemba alikuwa kwenye benchi jipya akifundisha. Walter Byers, aliyeiongoza NCAA kuanzia 1951 hadi 1987 na kuzisimamia kanuni hizo, alichapisha kitabu mwaka 1995 akisema wazi kwamba mfumo ule unawanyonya wanamichezo. Ni ushahidi mzito, kwa sababu hakuna aliyeijua nyumba ile kumzidi.

Ndani ya utaratibu huo ndipo alipopita Mtanzania wetu Hasheem Thabeet. Mzaliwa huyu wa Dar es Salaam alichelewa kuanza kikapu, alikuwa na miaka kama 15, kisha akaenda Marekani kumalizia sekondari Houston. Mwaka 2006 aliingia Chuo Kikuu cha Connecticut kwa kocha Jim Calhoun, mtu aliyekifikisha chuo hicho kwenye ubingwa wa 1999 na 2004. Urefu wa Thabeet, mita 2.21, kila mtu aliuona. Kilichohitajika ni muda. Msimu wa kwanza alifunga wastani wa pointi 6.2. Msimu wa tatu alifikisha 13.6, ribaundi 10.8, na kuzuia mitupo 4.2 kwa mchezo, na timu ikaingia nne bora. Juni 2009 Memphis Grizzlies ilimchagua wa pili katika drafti, uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa ya NBA, nyuma ya Blake Griffin pekee.

Nataja habari zake kwa sababu zinaonyesha upande mzuri wa mfumo wa zamani, nami sitaki kuuficha. Kocha aliyejua kwamba kijana hataondoka kesho alikuwa na sababu ya kumfundisha kuweka miguu, kupokea pasi, kukaa ulinzini bila kufanya madhambi. Leo kijana ghafi wa namna ile angekuta nafasi yake imekaliwa na mtu wa miaka 22 aliyetoka chuo kingine. Lakini usajili wa zama zile haukuwa safi pia. Februari 2011 NCAA iliiadhibu Connecticut kwa makosa ya usajili, yakiwemo simu na ujumbe uliozidi kiwango kwa wachezaji waliokuwa wakiwindwa, na Calhoun akafungiwa michezo mitatu. Wiki chache baadaye timu yake ikatwaa ubingwa wa tatu.

Wakati huo NBA ilikuwa imeshaweka sharti, kuanzia drafti ya 2006, kwamba mchezaji awe na miaka 19. Makocha kama John Calipari wa Kentucky wakajenga vikosi vya vijana wa msimu mmoja, waliopita chuoni wakisubiri umri huo. Kikosi chake cha 2012 kilibeba ubingwa, na Anthony Davis na Michael Kidd-Gilchrist wakachukuliwa wa kwanza na wa pili katika drafti. Vyuo vingi havikuweza kushindana kwa mtindo huo, maana vijana wa daraja lile kila mwaka walihesabika.

Mabadiliko yenyewe yalianza na jambo linaloonekana la kiofisi. Oktoba 15, 2018, NCAA ilifungua daftari la uhamisho mtandaoni. Mchezaji hakuomba tena ruhusa. Alitoa taarifa, chuo kikalazimika kuliingiza jina lake ndani ya siku mbili za kazi, na kocha yeyote nchini akaliona. Aprili 2021 kila mchezaji akaruhusiwa kuhama mara moja na kucheza papo hapo. Desemba 2023 jaji wa shirikisho huko West Virginia akazuia adhabu kwa waliohama zaidi ya mara moja, na Aprili 2024 NCAA ikasalimu amri: anayefaulu masomo anaweza kuhama kila mwaka. Mwaka wa kukaa nje ukawa umekufa.

Mmoja wa walioonja uhuru huo mapema ni Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili kinasikika sokoni na nyumbani. Alianza West Virginia, akaondoka katikati ya msimu, akatua Kentucky Januari 2021. Msimu wa 2021/22 alivuna wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1, akatangazwa mchezaji bora wa taifa. Machi 2022, katika raundi ya kwanza ya mashindano ya ubingwa, alifunga pointi 30 na bado Kentucky ikafungwa 85 kwa 79 na Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City kilichopangwa nafasi ya 15 katika kundi lake. Saint Peter's wakaifunga Murray State, kisha Purdue, wakawa timu ya kwanza ya nafasi ya 15 kufika robo fainali.

Yaliyofuata yanawauma wapenzi wa vyuo vidogo hadi leo. Kocha Shaheen Holloway aliondoka mara moja kwenda Seton Hall, na wachezaji wake wakuu wakatawanyika. Nimesoma maombolezo mengi juu ya kikosi kile, na mengi yanawalaumu vijana kwa kukosa uaminifu. Siyakubali. Aliyetangulia kuondoka ni kocha, kwa haki aliyokuwa nayo siku zote. Chuo kidogo kinaumia kweli: kinamlea mchezaji miaka miwili, kikubwa kinakuja kumchukua bila kulipa hata senti ya fidia, jambo ambalo klabu za soka zisingelikubali. Kama kuna dawa, itafutwe kwa hao wanaochukua, wailipe ile timu ndogo, kijana aachwe aende.

Kisha fedha zikaingia mezani. Tangu Julai 1, 2021 wachezaji wanaruhusiwa kuuza jina na sura zao kwa matangazo, na haikuchukua muda vikundi vya mashabiki matajiri vikaanza kuchanga kwa ajili ya usajili. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha mapatano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza, kwa michezo yote pamoja. Kikosi cha kikapu cha wanaume kikawekewa ukomo wa wachezaji 15.

Kazi ya kocha imebadilika hadi kwenye mifupa. Msimu ukiisha, wa kwanza kusajiliwa ni wale wake mwenyewe: anakaa na kila mmoja, anamweleza nafasi yake na malipo yake, kabla simu za nje hazijaanza. Halafu anahesabu mapengo. Katika majira ya kuchipua ya 2025 wachezaji wanaume waliojiandikisha kuhama walizidi 2,000, na msaidizi wake anakesha akitazama video, akiuliza: huyu mfungaji wa timu dhaifu atakubali kupunguza mitupo? Ana goti zima? Anaondoka kwa nini? Baadhi ya vyuo vimeajiri meneja wa kikosi, kama klabu za kulipwa. Mwanafunzi wa sekondari anawekwa pembeni kwanza, isipokuwa awe wa kiwango cha Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe, Kampala, akapitia akademia ya NBA nchini Senegal, akacheza msimu mmoja tu Duke na kuchaguliwa wa 10 katika drafti ya NBA ya 2025.

Kwa vijana wetu wanaotamani njia hiyo, lipo jambo ambalo kesi hizi za michezo hazijaligusa. Anayetoka Dar es Salaam, Kampala au Lubumbashi huingia Marekani kwa visa ya mwanafunzi, na visa hiyo inabana mno kazi ya malipo. Kentucky ilipokwenda Bahamas kwa ziara ya mechi za kirafiki Agosti 2022, Tshiebwe alitumia siku hizo kufanya kazi zake za matangazo huko, nje ya ardhi ya Marekani, wakati Wamarekani wa kikosi kilekile walizifanya nyumbani mwaka mzima. Sheria ya uhamiaji haiandikwi na NCAA wala na Jaji Wilken. Inaandikwa na Bunge la Marekani mjini Washington, na mzazi anayekaribisha kocha sebuleni leo ana kila sababu ya kumuuliza chuo chake kina wakili gani wa uhamiaji, kabla hajauliza viatu vitatoka kampuni gani.