Meli Ambayo Kamanda Hakuizamisha

(Muziki wa kipindi, kisha sauti ya mawimbi yakipiga ufukweni.)

Leo tunarudi ziwani, kwenye Ziwa Tanganyika, maji ambayo wengi wenu mmezaliwa pembeni yake na wengi zaidi mmeyavuka usiku.

Kama ulitoka Burundi mwezi wa Mei mwaka 2015 kupitia Nyanza-Lac, unakikumbuka kijiji cha Kagunga. Mlima nyuma, ziwa mbele, na maelfu kwa maelfu ya watu wamekaa juu ya mchanga. Kipindupindu kikaingia. Gati halikuwepo. Meli ilisimama mbali kidogo na ufuko, watu wakapelekwa kwa boti ndogo, mama anapandishwa kwanza, mtoto anapokelewa kwa mikono, godoro linafuata. Safari moja ilibeba watu 600 hivi mpaka Kigoma. Pale uwanja wa mpira, halafu mabasi, halafu Nyarugusu.

Meli ile inaitwa Liemba. Inawezekana ulikuwa umechoka mno siku ile hata usiitazame vizuri. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, na kuna afisa wa Kiingereza aliyetumwa kutoka London kuja kuizamisha. Alipata nishani. Meli hakuizamisha. Habari yenyewe ndiyo hii.

Tuanze na ziwa lilivyokuwa mwaka 1914. Ukisimama Rumonge na kutazama magharibi, unaiona milima ya Ubwari, upande wa Kongo. Wakati ule Kongo ilikuwa ya Wabelgiji. Upande wako, kuanzia Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, ukishuka Rumonge, Nyanza-Lac, Kigoma na kuendelea kusini, ilikuwa nchi ya Wajerumani. Mvuvi wa Rumonge aliyevua ndagala na mukeke katikati ya maji alikuwa anavuka mpaka wa Wazungu kila usiku bila kujali. Vita vya Ulaya vilipoanza mwezi wa Agosti, ghafla mpaka ule ukawa na mizinga.

Rumonge yenyewe haikuwa mahali pa kulala. Wafanyabiashara wa Ujiji, Waswahili na Wamanyema, walikuwa wakifika huko miaka mingi kabla ya Mjerumani, na wamisionari wa Kikatoliki watatu waliuawa hapo mwaka 1881. Mwambao ulikuwa na mazoea ya wageni wanaoshuka kutoka majini, wema na wabaya.

Wajerumani walikuwa na meli mbili ndogo zenye silaha, Kingani na Hedwig von Wissmann. Tarehe 22 Agosti 1914 Hedwig iliivamia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, ikaiharibu. Tangu siku hiyo ziwa lote likawa mikononi mwa Wajerumani. Waliweza kuhamisha askari na mizigo kati ya Kigoma, Usumbura na kusini wakati wowote, na adui aliyetaka kuja kwa miguu ilimbidi azunguke milima.

Halafu wakaleta ya tatu. Iliundwa katika mji wa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam, na kwa reli mpaka Kigoma. Reli yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza imefika. Mafundi watatu wa Kijerumani waliofuatana na masanduku hayo, mkubwa wao akiitwa Anton Rüter, waliiunganisha tena pamoja na vibarua wengi wa Kiafrika, ribiti moja baada ya nyingine. Ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Urefu wake mita 70 na kidogo. Wakaipa jina la Graf von Götzen, kwa heshima ya mtu aliyekuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati Vita vya Maji Maji vilipozimwa kwa moto na njaa. Jina la namna hiyo lingeweza kuachwa, lakini hatukuulizwa.

Sasa tumlete yule afisa.

Aliitwa Geoffrey Spicer-Simson. Alizaliwa Tasmania mwaka 1876, akaingia jeshi la majini la Uingereza akiwa kijana, na kwa miaka mingi hakufika popote. Vita vilipoanza alipewa kusimamia kikundi cha meli ndogo karibu na pwani ya Kent. Tarehe 11 Novemba 1914, yeye akiwa nchi kavu, nyambizi ya Kijerumani U-12 ilikuja chini ya maji ikaizamisha meli yake, Niger, mchana kweupe. Nahodha wa nyambizi, Walter Forstmann, baadaye alipewa nishani ya juu kabisa ya Ujerumani. Spicer-Simson alipewa meza na makaratasi.

Mwaka 1915 mwindaji mmoja, John Lee, aliyekuwa ameizunguka nchi hii, alikwenda London na shauri: leteni boti ndogo zenye mwendo mkali kupitia Afrika Kusini na Kongo, mzitupe ziwani kwa ghafla. Wakubwa wakakubali. Walipotafuta wa kuongoza, maafisa wazuri wote walikuwa kazini. Akabaki mtu wa makaratasi.

Boti zilikuwa mbili, kila moja urefu wa mita 12. Spicer-Simson alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wakakataa. Akaziita Mimi na Toutou, majina ambayo Wafaransa huwapa paka na mbwa wao, na wakubwa wakapitisha bila kujua. Usidhani basi "Mimi" ile ni mimi ya Kiswahili, ingawa ukimsikiliza mtu huyu alivyokuwa akijisifu, ungeweza kudhani hivyo. Mikono yake ilijaa chale za nyoka na vipepeo, na kwenye joto alivaa sketi ya kaki mbele ya askari wake bila aibu.

Zikaondoka Uingereza mwezi wa Juni. Meli mpaka Cape Town, treni mpaka Fungurume katika Katanga. Hapo reli ikaisha. Mbele yao milima ya Mitumba, msitu, na hakuna barabara. Ikabidi barabara ikatwe na madaraja zaidi ya mia yajengwe. Boti zikavutwa na trekta za mvuke na maksai, wiki sita. Trekta ya mvuke hunywa maji kama ng'ombe arobaini, na ilikuwa kiangazi. Maji yale yaliletwa na wanawake wa vijiji vya njiani, kwa vyungu kichwani. Vitabu vingi vimeandikwa kuhusu safari hii, na karibu vyote vinamtaja kamanda katika kila ukurasa. Wanawake wale hawakuandikwa jina hata mmoja. Wewe unayepanga foleni ya maji na ndoo yako unaelewa lita ishirini ni uzito gani; fikiria kuzibeba kwa ajili ya kumnywesha mashine.

Mwishoni mwa Oktoba boti zilifika ziwani, Lukuga, mahali ambapo leo panaitwa Kalemie.

Tarehe 26 Desemba 1915, siku ya Jumapili, Waingereza walikuwa kwenye ibada wakati Kingani ilipoonekana ikipita. Kamanda aliacha ibada imalizike, kisha boti zikatoka. Mzinga wa Kingani ulikuwa mbele na haukuweza kugeuka kupiga nyuma. Mimi na Toutou zikaja kwa nyuma. Dakika kumi na kitu, ikaisha. Nahodha wa Kingani aliuawa, meli ikatekwa, ikatengenezwa, ikapewa jina Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilikuja kutafuta kilichompata mwenzake. Fifi na Mimi zikaifukuza kwa saa nyingi, zikaizamisha. London ilifurahi sana. Spicer-Simson akapata nishani ya DSO, Wabelgiji nao wakamvika zao.

Kesho yake, asubuhi, ikatokea Götzen.

Ilikuwa inakwenda polepole mbele ya Lukuga, ikimtafuta Hedwig. Mabaharia wa Kiingereza wakakimbilia boti wakingoja amri. Kamanda akaitazama kwa darubini muda mrefu. Kisha akakataa. Hakuna anayetoka. Meli ikapita mpaka ikapotea. Hakuishambulia siku ile wala siku nyingine yoyote. Watu wake hawakumsamehe, na walioandika baadaye wengi walimwita mwoga.

Nadhani hawakumtendea haki kabisa. Götzen ilikuwa na mzinga wa milimita 105, uliotoka kwenye manowari Königsberg iliyokufa katika delta ya Rufiji. Risasi moja ingetosha kuipasua boti ya mbao. Miezi michache baadaye Wajerumani waliuondoa mzinga ule na kuupeleka kwenye vita vya nchi kavu, wakaweka mahali pake mzinga wa mti uliopakwa rangi. Kamanda hakuwa na habari hiyo.

(Sauti ya mawimbi, taratibu.)

Basi nani aliyewashinda Wajerumani ziwani? Jibu liko upande wako wa Burundi, na lilikuja kwa miguu.

Mwezi wa Juni 1916 askari wa Wabelgiji, wengi wao Wakongo, walivuka Ruzizi. Tarehe 6 waliingia Usumbura. Mwami wa Burundi, Mwambutsa, alikuwa bado mtoto mdogo; baba yake Mutaga alikuwa amefariki mwezi wa Novemba uliopita, na nchi ikawa katika mikono ya wakubwa wa jamaa. Safu ya kusini ikiongozwa na Olsen, Mdenishi aliyeajiriwa na Wabelgiji, ilishuka kuelekea Kigoma. Mizigo ya jeshi lile ilibebwa na wapagazi, wakulima waliotolewa mashambani, Wakongo, Wanyarwanda na Warundi. Katika vita vyote vya Afrika Mashariki Wabelgiji walitumia wapagazi zaidi ya laki mbili. Wengi walikufa kwa kuhara, baridi ya milimani na uchovu. Mzee akikueleza kwamba babu yake "alikwenda na mizigo" na hakurudi, huenda ni huko.

Kigoma ilipigwa pia mabomu na ndege za majini za Wabelgiji. Wajerumani wakaona hawana njia. Tarehe 26 Julai 1916 waliipeleka Götzen karibu na mdomo wa Malagarasi, mto ambao Warundi mnauita Muragarazi, wakaizamisha wenyewe isiangukie mikono ya adui. Siku mbili baadaye Kigoma ilitwaliwa.

Kazi ya kuizamisha walipewa mafundi walewale watatu walioiunganisha. Anton Rüter na wenzake walipaka grisi nzito kila sehemu ya mitambo, wakajaza mchanga, wakaishusha taratibu mahali pasipo na kina kirefu. Walifanya kama watu wanaofunga nyumba ambayo wanatumaini kuirudia. Wao hawakurudi. Ziwa hili linafika kina cha mita 1,470. Ni Baikal ya Urusi tu inayolizidi duniani. Mimi na Toutou zingeipiga Götzen katikati ya maji siku ile ya Februari, hakuna binadamu angeiona tena.

Wabelgiji waliiinua, ikazama tena kwa dhoruba mwaka 1920. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakafungua mitambo, wakakuta ile grisi imefanya kazi yake. Tarehe 16 Mei 1927 ilianza tena safari, ikiwa na jina Liemba, jina la zamani la ziwa ambalo Livingstone alilisikia upande wa kusini. Mitambo ile ya mvuke iliendelea kufanya kazi hadi miaka ya 1970, ndipo ikawekwa ya dizeli. Mwili wa meli ni uleule.

Spicer-Simson alirudishwa kwao mwaka uleule wa 1916 akiwa mgonjwa, akapewa tena meza. Hakuongoza tena meli vitani. Alifariki Kanada mwaka 1947.

Mwaka 1997 Liemba iliwabeba Wakongo zaidi ya 75,000 waliokuwa wamekimbilia Tanzania, ikiwarudisha kwao. Nyumba nyingi za Uvira na Fizi zina mtu aliyepanda safari ile. Mwaka 2015 ikaja Kagunga, mara hii kwa Warundi, ikishuka kuelekea Kigoma.

Kama ulikuwemo, au mama yako alikuwemo, tuandikie. Weka karatasi yako katika sanduku la kipindi, au mpe mwandishi wetu anayepita kambini. Andika ulipandia wapi, ulikaa sehemu gani ya meli, na nani alikupa mkono kutoka kwenye boti. Tutazisoma barua hizo hapa, kwa majina au bila majina, kama utakavyotaka mwenyewe.

(Muziki wa kipindi.)